Tuongeze vyumba viwili uani tuukate mwembe, au tubaki na uwanja wetu? Naombeni ushauri, niko Mtwara

Mama Uani

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisomee mpaka mwisho maana hili jambo limenikaa rohoni wiki ya tatu sasa na hapa nyumbani tumeshaliongea mpaka tumechoka.

Tunaishi Mtwara mjini, Magomeni. Kiwanja chetu ni mita 18 kwa 24, nyumba ina vyumba vitatu na sebule, na imekaa mbele kidogo kwa hiyo nyuma tumebakiwa na kama mita 9 mpaka ukuta wa ua. Huko nyuma ndo kwenye maisha yetu. Kuna mwembe dodo aliupanda marehemu baba mkwe, kuna matuta manne ya matembele na mchicha, mlonge, mpapai mmoja, kamba za nguo, jiko la mkaa na kinu changu. Mwezi huu wa kumi mchana ndani hakukaliki, bati linachemka, sisi tunashinda chini ya mwembe na mkeka wetu, watoto wanasomea hapo, wateja wangu wa nguo napimia hapo hapo.

Sasa mama mkwe anahamia kwetu kutoka Newala, goti limemsumbua sana na kule yuko peke yake. Mabinti zangu wawili wamekua, mmoja kidato cha pili mwingine darasa la saba, bado wanalala chumba kimoja na mdogo wao wa kiume wa miaka 9, hiyo nayo haipendezi tena. Chumba cha tatu kina vyerehani vyangu viwili na vitambaa, na hicho ndo kinatulisha miezi ambayo korosho hazijalipwa.

Baba watoto anataka tujenge vyumba viwili na choo, vigande kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba, urefu mita 10 upana mita 4. Kimoja cha mama, kingine tupangishe mwanafunzi wa chuo. Fundi kasema milioni 9 mpaka kumaliza. Mwembe uko mita tatu na nusu kutoka ukuta huo wa nyumba kwa hiyo lazima ukatwe na matuta mengine yanaondoka.

Chumba tunakihitaji, hilo sibishani nalo hata kidogo. Ila kila nikitoka asubuhi nikaona ule mti ulivyoshika vitoto nasikia kama naambiwa nimtoe mtu nyumbani. Waliowahi kujenga mpaka wakamaliza uwanja, mlijutia au mlishukuru? Nambieni ukweli.

Kusini Kwetu

Dada jenga. Mti unapandwa tena, mzazi hapandwi.

Bi Mkubwa Mikindani

Mwanangu hujambo. Nakujibu kwa yaliyotukuta sisi.

Miaka ile ya 2012 na 2013 gesi ilivyovuma, huku Mtwara kila mwenye kiwanja alijenga vyumba vya kupangisha, maana wageni walikuwa wanatafuta pa kulala hawapati. Marehemu mume wangu naye akajenga. Uwanja wetu ulikuwa na minazi mitatu, mlimau, mstafeli na kibanda cha kubangulia korosho, vyote vikaondoka vikaingia vyumba vinne mstari mmoja, kikabaki kichochoro cha kupita mtu na ndoo yake. Wapangaji tulipata, uongo dhambi, ila baadae mambo ya gesi yalivyopoa wakapungua, vyumba viwili vikakaa vitupu zaidi ya mwaka popo wakaingia darini.

Hayo ya pesa nimeyasahau. Jambo ambalo sijasahau ni siku mzee mwenyewe alipofariki. Watu walikuja wengi, alikuwa mtu wa watu, na hatukuwa na pa kuwakalisha. Turubai tulifunga barabarani. Wanawake wakapikia kwa jirani, masufuria yanapita juu ya ukuta, mimi mfiwa nimekaa eda ndani ya chumba kimetazamana na ukuta wa mpangaji, na mpangaji masikini ya Mungu naye kazima hata redio siku tatu hajui aende wapi. Kumuosha mzee tulizungushia makuti kwenye kile kichochoro, wanaume wanne hawageuki.

Sikwambii usijenge. Nakwambia kabla hujaweka jiwe la kwanza jiulize msiba ukija watu watakaa wapi, na harusi ya hao mabinti zako itachezewa wapi, na wakitoka unyagoni watapokelewa wapi. Huku kwetu uwanja ni chumba, tena ndo kikubwa kuliko vyote.

Mama Uani

Bi Mkubwa pole sana mama yangu, nimesoma nimetokwa na machozi. Hilo la msiba sikuwa nimeliwaza kabisa.

mwashi_wa_likombe

Mleta mada, mimi ni fundi, najenga Mtwara na Lindi mwaka wa kumi na saba huu. Kabla ya mambo ya mti naomba unijibu maswali manne maana naona kwenye maelezo yako kuna kitu hakijakaa sawa.

1. Vyumba vyenu vya sasa vya nyuma madirisha yake yanatazama wapi?
2. Karo la choo liko wapi?
3. Nyumba ina nguzo za zege au ni tofali tupu na mkanda wa zege juu?
4. Pembeni ya nyumba kushoto na kulia mmebakiza mita ngapi?

Mama Uani

Fundi asante. Madirisha ya vyumba viwili vya nyuma yanatazama uani, ndo tunapopata upepo wa kusi usiku. Karo liko nyuma pia, kona ya choo, nimetoka kupima kwa futi kamba ya kushonea hapa, ni mita mbili na nusu kutoka ukuta wa nyumba. Nguzo hazipo. Pembeni upande mmoja mita 3, upande mwingine mita 5, huo wa mita 5 kuna dirisha moja tu la sebule na tunaweka kuni na matofali ya zamani.

mwashi_wa_likombe

Basi fundi aliyewapa hesabu ya milioni 9 hakuingia uani, au aliingia akanyamaza.

Ukigandisha vyumba ukuta wa nyuma wote mita 10, yale madirisha mawili yanafia ndani. Vyumba mnavyolala sasa vitakuwa shimo, giza mchana, joto usiku, na unyevu ukiingia kipindi cha masika nguo zinaota ukungu kabatini. Mtapata vyumba viwili vipya mtaharibu viwili vya zamani, hesabu inarudi pale pale. Nimeona nyumba nyingi hivyo, watu wanaishia kununua feni kila chumba na kulipa umeme wa kupooza joto walilolitengeneza wenyewe.

Karo likiwa mita mbili na nusu na jengo linatoka mita 4, maana yake kitanda cha mama yenu kitakuwa juu ya karo. Msifanye hivyo. Halafu likijaa gari la kunyonya litaingizia mpira wapi? Kulihamisha ni shimo jipya na bomba jipya, kwenye ile milioni 9 hiyo haimo.

Mtu asije akawadanganya mpandishe ghorofa kuokoa uwanja. Nyumba haina nguzo, msingi ulichimbwa wa nyumba ya chini, usibebeshwe zege la juu.

Na kuna hili la maji ambalo watu wanalisahau. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 40 za mraba, siku ikipiga milimita 50, na huku kwetu inapiga, hiyo ni lita 2000, madumu mia moja ya lita ishirini. Leo hayo maji yanamwagika kwenye mchanga na matuta yako yanazama chini. Ukishajenga na ukapiga sakafu sehemu iliyobaki, yanaenda wapi? Yanaenda kwenye msingi wako au kwa jirani.

Mmwera wa Lindi

Fundi kasema kweli tupu hapo kwenye maji. Mimi niko Lindi mjini nyumba iko kwenye mteremko, jirani yangu wa juu alijenga akasakafia ua mzima mpaka getini, mwaka huo huo mvua za mwezi wa tatu maji yote yakawa yanashukia kwangu, ukuta wa ua ukalala. Tulifikishana mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, udugu ukaingia ufa mpaka leo tunasalimiana kwa shida. Na yeye si mtu mbaya, alitaka tu pawe pasafi pasiwe na vumbi.

Neema ya Chuno

Naona wote mnavutia upande wa mti, naomba na mimi nisikilizwe.

Mimi nilikata. Tulikuwa na mkorosho mkubwa uani na bustani ya mboga, mimi mwenyewe nilikuwa naipenda. Lakini tulikuwa watu nane vyumba viwili. Binti yangu mkubwa akiwa kidato cha nne alikuwa anasoma bafuni, anafunga mlango anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na tochi ya simu, ili asiwaamshe wadogo zake. Siku moja nimeamka saa tisa usiku nikamkuta kalala hivyo hivyo kichwa ukutani. Wiki ile ile nilimwita mtu wa msumeno.

Tukajenga vyumba viwili. Alipata meza yake, alipata mlango wa kufunga. Sijutii hata siku moja na hata leo nikikosa kivuli nakumbuka ile ndoo. Mboga nalima kwenye viroba na madumu niliyoyakata, pilipili, bamia, mchicha, nakula. Kwa hiyo dada, mabinti zako wanaokaribia kuwa wanawake kulala na kaka yao chumba kimoja usilichukulie kama jambo la kusubiri mwaka kesho. Watu wanakwambia habari za kivuli wakati wao wana vyumba.

Mama Uani

Dada Neema umenigusa pabaya maana mkubwa wangu na yeye ameanza kulala sebuleni kwenye kochi, anasema joto lakini najua si joto. Nimenyamaza tu.

Kusini Kwetu

Ndo nilichosema mimi tangu mwanzo. Watoto kwanza.

Mkulima Naliendele

Watoto kwanza sawa, ila mkuu si lazima iwe mti AU watoto. Hebu tuhesabu na hiyo habari ya kupangisha maana naona ndo imeleta chumba cha pili.

Dada chumba cha mwanafunzi mnategemea shilingi ngapi? Tuseme elfu 40 kwa mwezi. Chumba kimoja mwaka mzima bila kukaa kitupu ni laki 4 na elfu 80. Hata mkipangisha vyote viwili ni laki 9 na 60 kwa mwaka, milioni 9 mnairudisha baada ya miaka tisa na zaidi, na wanafunzi wanaondoka likizo, na choo kinatumika zaidi, na karo linajaa mapema. Mtu mgeni anapita uani kwenu kwenye mabinti wawili.

Upande wa pili weka mwembe. Dodo mkubwa mkila, mkagawa kwa majirani, mkauza ndoo kadhaa pale nje, tuseme pesa si nyingi. Mboga je? Piga hesabu ya mafungu ya matembele na mchicha ambayo hununui siku tano kwa wiki. Majani ya mlonge hayo. Halafu weka kivuli ambacho unafanyia kazi ya cherehani mchana, ukihamia ndani utanunua feni. Mimi kazi yangu ni miti, naambiwa kila siku mti ni uchafu wa majani, lakini mwembe uliokwisha kukomaa ukiukata leo mche mpya hata wa kubebesha, yaani uliounganishwa, unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu minne, na kivuli cha kukaa watu kumi na mkeka wao kinachukua zaidi ya hapo sana. Anayesema mti unapandwa tena aniambie nani atakaa chini yake na lini.

Chumba cha mama na cha mabinti ni haki. Cha mpangaji ndo nakitilia shaka.

mwashi_wa_likombe

Hapo mkulima umenisaidia. Mleta mada rudi kwenye ile pembeni ya mita 5.

Chumba cha mita 3 kwa 4 kinakaa hapo, na mnabaki na mita 2 mpaka mpakani. Kuta mpya ni tatu tu, mita 3 na 3 na 4, jumla mita 10, kimo mita 3, hizo ni mita 30 za mraba, toa madirisha mawili inabaki kama 25, tofali za inchi sita zinaenda kama kumi kwa mita moja, kwa hiyo tofali 250 za ukuta, za msingi mbali. Kwa saruji bahati tunayo huku, kiwanda kiko hapa hapa Mtwara. Dirisha la sebule mnaligeuza mlango, linta, yaani boriti la zege, ipo tayari juu yake, mnavunja chini tu. Sebule inabaki na dirisha la mbele. Mama anaingia sebuleni na chooni bila kupanda ngazi wala kutoka nje na mvua, kwa goti lile hiyo ni kubwa kuliko chumba cha uani ambacho usiku ataenda chooni na tochi.

Mambo matatu msimwachie fundi yeyote, hata mimi:

Ukuta mpya na wa zamani utaachana kidogo, msingi mpya lazima utulie. Chimbeni mpaka udongo mgumu, na hapo kwenye kiungo acheni nafasi nyembamba ya makusudi iliyonyooka, msipake lipu moja juu kwa juu maana itapasuka kama radi ukutani. Bati jipya na la zamani zinapokutana wekeni mfereji wa maana, hapo ndo nyumba zote za kuongeza zinapovujia. Na mchanga usiwe wa ufukweni jamani, una chumvi, unakula nondo kimya kimya, baada ya miaka michache mkanda unavimba na kumeguka.

Kibali pia. Watu wanadhani kuongeza chumba hakuhitaji. Nendeni manispaa na mchoro na karatasi za kiwanja, afisa mipango miji awaambie mita za kuacha mpakani kwenu ni ngapi, mimi nimesema mita 2 lakini neno la mwisho ni lake.

Na kabla ya yote fanyeni kitu kimoja hakina gharama. Chukua majivu ya jiko, chora ardhini kile cha mita 10 kwa 4 anachotaka mzee, ukubwa wake halisi. Wekeni viti ndani. Kaeni jioni moja.

Mama Uani

Wakuu nimerudi, ni siku nane zimepita, samahani kwa kuwaacha.

Tulichora. Jumamosi baada ya alasiri nilimwaga majivu kufuata kamba, baba watoto mwenyewe ndo alishika ncha ya pili. Mstari ulipita katikati ya tuta la pili la matembele, ukachukua jiko, ukachukua kinu, ukapita juu ya mfuniko wa karo kama fundi alivyosema, na shina la mwembe likawa ndani ya chumba cha mpangaji. Kamba za nguo hazikuwa na pa kwenda. Sehemu iliyobaki nyuma ya mstari, kati ya matuta na ukuta wa ua, niliweka mkeka mmoja, wa pili ukakunjika ukutani.

Baba watoto alisimama pale ndani ya "chumba" akaweka mkono kwenye mti, akaangalia juu muda mrefu. Akasema baba aliupanda mwaka aliozaliwa kaka yetu mkubwa, kitovu chake kiko hapa chini. Mimi miaka yote kumi na sita ya ndoa sikuwahi kuambiwa hilo. Kaka mwenyewe alifariki mdogo. Basi nikaelewa kwamba na yeye alikuwa anaumia, ila alikuwa amejikaza kwa ajili ya mama yake, na mimi nilikuwa nadhani mwenye uchungu na ule mti ni mimi tu.

Hatukuongea tena siku ile. Jumatatu akaenda manispaa mwenyewe. Pembeni inawezekana, ila chumba kisogezwe nyuma nusu mita kutoka mstari wa mbele wa nyumba, hatuna shida.

Sasa tumeamua hivi. Chumba cha mama pembeni, mita 3 kwa 4. Mimi na vyerehani vyangu tunatoka kwenye chumba cha tatu na mabinti wanahamia humo WIKI HII, hatusubiri ujenzi, dada Neema hilo nimelifanya kwa ajili ya ile ndoo yako, mkubwa jana kafunga mlango akalala mpaka saa moja. Vyerehani vinahamia kwenye baraza la nyuma tutakalolisogeza mita mbili tu, nguzo za mbao na bati, bila ukuta, madirisha yanaendelea kupumua. Tuta moja la matembele linaondoka, marando nimeshayapanda kwenye viroba. Mpapai unaondoka pia, huo nimeukubali ingawa ulikuwa umeanza kuzaa vizuri. Mpangaji hayupo tena kwenye mipango na baba watoto ile pesa ya pango bado inamuuma, sitawadanganya, mkopo wa kikoba tutaulipa kwa kubana.

Bi Mkubwa Mikindani

Alhamdulillah. Mkwe wako akifika umpe salamu zangu, na hicho kinu usikiache juani, kitapasuka.

Neema ya Chuno

Nimefurahi kuhusu mabinti. Hilo tu ndo nilitaka.

Mmwera wa Lindi

Bati la chumba kipya ungalitegea simtanki, kwa hesabu ile ile ya fundi mita 12 za mraba kwa milimita 50 ni lita 600 siku moja. Bustani inakunywa.

Mama Uani

Asante shemeji, hilo tunalifanya. Fundi wa Likombe swali la mwisho, tofali tumefyatua jana 300, tumezipanga chini ya mwembe. Tunamwagilia siku ngapi?

mwashi_wa_likombe

Siku saba zisipungue, asubuhi na jioni, zifunike na magunia. Hapo kivulini ndo penyewe, zingekaa juani zingekauka haraka zikawa zinamung'unyika. Msizijengee kabla ya wiki mbili. Na mchimbe msingi mapema mvua hazijaanza.